Printa au Faili

Skrini nyeusi, herufi za kijani,
na kishale kinachopepesa kama jicho la mtu
aliyeulizwa jambo na hajaamua kujibu.
Ndivyo alivyoniachia marehemu Shemhilu:
kompyuta nzito kama mfuko wa saruji,
programu aliyoiandika mwenyewe mwaka tisini na moja,
na karatasi iliyogandishwa pembeni mwa kioo:
USIZIME KABLA YA NAMBA 9.

Humo wamo wakataji mkonge wa Pongwe na Kigombe,
wengine wamestaafu, wengine wamezikwa,
na akiba zao safu kwa safu,
zimenyooka kama shamba ukiliangalia kutoka kwenye treni.

Mwezi wa tatu katibu, Bi Mwanakheri, akasema tunataka tovuti.
Watoto wa wanachama wako Dodoma, wako Maskati,
wasilazimike kuja Barabara ya Kumi na Nne kuulizia salio.
Akaitwa kijana mwenye begi mgongoni.
Akaitazama kompyuta, akacheka kwa pua.
"Mzee, hii tutupe. Tuanze upya. Milioni kumi na nane."
Katibu akanitazama mimi.
Mimi nikatazama feni.

Usiku ule nilibaki.
Namba 4: CHAPA ORODHA.
Printa au Faili? (P/F)
Miaka kumi na tisa nimebonyeza P,
kidole kimezoea kama mguu unaoijua ngazi mbovu.
Nikabonyeza F.

Hakukuwa na mlio. Nilingoja mlio.
Nikalifungua faili: orodha nzima, uchi,
bila wino, bila karatasi yenye matundu kandokando.
Basi kazi ikabaki kuivisha.
Alama ya ndogo-kuliko, alama ya kubwa-kuliko,
zilezile za hesabu za darasa la nne,
katikati yake neno fupi la amri;
fungua kabla ya jina, funga baada ya jina,
na ole wako usahau kufunga,
ukurasa mzima unalalia upande.

Shemhilu, Mungu amrehemu, aliacha nafasi:
kichwa cha ripoti, mguu wa ripoti, andika upendacho.
Kichwani nikaweka alama za kuanza,
mguuni alama za kumaliza.
Programu haijui.
Inadhani bado inachapa karatasi.
Inahesabu mistari sitini, inasukuma karatasi isiyokuwepo,
inaanza ukurasa mpya kwa adabu ileile,
na kule simu zinawaka mikononi mwa watu.

Wiki ya pili ikapigwa simu, sauti ya mwanamke, Arusha.
"Nimemwona mama yangu. Mmemwandika
MWANASHA KIBWANA SHE.
She nani? Nusu ya Tanga ni She.
Mmenionyesha mlango, nyumba iko wapi?"

Nikahesabu kwa kalamu. Herufi ishirini, na nafasi zake.
Enzi zile diski ilikuwa finyu, kila herufi ililipa nauli,
naye Shemhilu alipima ishirini, akafunga geti.
Kwenye karatasi hatukuona ubaya:
sisi tuliwajua, tulimalizia kwa mdomo.

Kulipanua geti siwezi, funguo alizikwa nazo.
Nikafungua faili jingine, nikaliita MIKIA,
nikashusha kadi za uanachama kutoka juu ya kabati,
vumbi, mende, picha za watu wakiwa vijana,
na mikia mia tatu na kumi na saba
nikaiandika mmojammoja, siku tisa,
kisha nikaishona kila mmoja kwa mwenyewe.

Nikampigia. "Fungua tena."
Akasoma polepole, kama anayeitika hodi:
Mwanasha Kibwana Shekalaghe.
Akanyamaza. Kuku waliwika upande wake.
Kisha akauliza,
"Na hizi elfu arobaini na mbili, sasa ni za nani?"

Nikavuta kiti.
Namba 6: MIRATHI.
Kishale kikapepesa, kikauliza vilevile:
Printa au Faili?